Meli za Moshi za Bwana Sleyum

Ukimuuliza mtu wa Ibra habari za Bwana Sleyum bin Hazim, atakwambia ni yule mzee wa mtambo wa maji, mwenye miwani minene na maneno mengi kuhusu meli. Atakwambia huku anatabasamu, na pengine anaangalia saa, maana Bwana Sleyum akianza kukusimulia meli za moshi zilizovuka Atlantiki karibu miaka mia mbili iliyopita, chai yako itapoa na shughuli zako zitakupita. Na Ibra yenyewe haina bahari. Kuna milima, mitende, barabara pana na vumbi lake. Ukitaka maji ya chumvi uwashe gari uende Sur. Lakini huyu bwana alikuwa na bahari yake kabatini, imeandikwa kwa mkono katika madaftari kumi na moja yenye majalada magumu.

Hadithi ya madaftari hayo ndiyo hadithi ya maisha yake, kwa hiyo tuianze mahali pake.

Alizaliwa Unguja mwaka wa hamsini na moja, akafika Oman akiwa kijana wa miaka ishirini, na mwaka wa sabini na saba akaajiriwa kwenye mtambo mmoja wa pwani ya Maskat, ule wa kuchemsha maji ya bahari yakawa ya kunywa. Akakabidhiwa boila. Boila lile lilikuwa refu kuliko nyumba ya ghorofa mbili, na Sleyum alilitumikia miaka thelathini na mbili. Adui yake muda wote huo alikuwa mmoja tu, chumvi. Chumvi hushika ndani ya mabomba ikafanya magamba magumu kama ukoko wa wali ulioungua, na ukiiachia siku chache tu, chuma kinapata moto kupita kiasi na mvuke unatafuta pa kutokea. Wenzake walikuwa wakitaniana kwamba Sleyum akila chakula chenye chumvi nyingi hukitazama kwa hasira.

Mwaka wa pili kazini, mhandisi mmoja wa Kiingereza akamaliza mkataba wake, akarudi kwao, akaacha katoni la vitu vya kutupwa. Ndani yake mlikuwa na kitabu kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Kilihusu historia ya meli za moshi. Sleyum alikuwa na Kiingereza cha vipuri na mitambo, basi akanunua kamusi, akawa anasoma kurasa mbili kwa siku wakati wa mapumziko, mgongo ukiwa ukutani na boila likinguruma upande wa pili.

Akafika Aprili ya mwaka 1838. Hapo ndipo alipokamatika.

Alisoma kwamba meli ya mbao, yenye magurudumu mawili makubwa ubavuni ya kupigia maji, iliondoka Bristol kwenda New York kwa nguvu ya mvuke, siku kumi na tano bila kuona ardhi, na kwamba ndani ya maboila yake ilichemsha maji ya bahari. Sleyum akakiweka kitabu chini.

“Chumvi!” akasema kwa sauti, peke yake.

Alijua chumvi inamfanyia nini mtu aliye nchi kavu, mwenye vipimo, simu na ghala la vipuri. Hawa walikuwa katikati ya bahari isiyo na huruma, meli inalala ubavu huu na ubavu ule, watu vifua wazi wanatia makaa ya mawe tanurini kwa sepetu, na kila baada ya muda mtu lazima afungue valvu amwage maji yaliyokolea chumvi, aingize mapya, na moto usizimwe. Meli ikisimama, hapana wa kumwita. Na wataalamu wa wakati ule walikwisha kusema kwamba jambo hilo haliwezekani. Bwana Sleyum alitazama mikono yake akaona vinyweleo vimesimama. Watu wengi hustaajabu wanapotazama mwezi au milima, naye hustaajabu kama wengine, lakini miaka mingi hakupata tena kustaajabu kama alivyostaajabu mchana ule, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mkate wa mayai umemgandia mkononi.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa meli za moshi. Aliandika barua kwa majumba ya makumbusho ya Uingereza na Marekani, na baadhi yakamjibu. Aliagiza vitabu, akapiga nakala magazeti ya zamani, akachora magurudumu na kuhesabu makasia yake. Lakini asingeandika lolote kama si mama yake.

Mama yake, Bi Hamda, alikuwa akikaa naye. Siku moja, mwaka wa tisini na moja, akamwuliza, “We Sleyum, unasoma nini mpaka unasahau kula?”

Akamwambia. Alianza na meli ya mwaka 1819, yenye mashine ndogo na matanga makubwa, iliyotoka Amerika bila abiria hata mmoja kwa sababu watu waliogopa kupanda kitu chenye moto tumboni. Ilipokaribia Ayalandi ikawasha mashine, walinzi wa pwani wakaona moshi, wakadhani meli inaungua, wakaifukuza na jahazi lao la mwendo ili waiokoe, wasiweze kuipata. Bi Hamda alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

“Niandikie,” akasema. “Nataka nisome mwenyewe, kwa wakati wangu, si kwa wakati wako.”

Basi hapo ndipo kosa lilipofanyika, kosa ambalo lingeweza kufanywa na watu wetu tu. Bi Hamda, kama wanawake wengi wa Unguja wa rika lake, alisoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu peke yake. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyoandika barua zake zote, na hizo za Kizungu hakutaka kuzijua. Sleyum naye alijifunza mkono huo kwake, akiwa mdogo. Akaandika kitabu chake kwa Kiswahili safi, kwa herufi za Kiarabu, kila irabu ameitia alama yake mama asipate taabu. Bi Hamda alisoma madaftari manne, miwani ikiwa na uzi shingoni, akimsahihisha pembeni kwa penseli. Alifariki mwaka wa tisini na sita, akiwa katikati ya daftari la tano.

Mwanawe aliendelea kuandika. Mkono ulikuwa umekwisha kuzoea, na kila alipojaribu kuandika kwa herufi za Kizungu alijiona kama anamwandikia mtu mwengine. Daftari la sita, la saba, la nane. Hakuwahi kujiuliza nani atakayesoma. Mtu akiwa na hamu ya jambo huwa hajiulizi maswali kama hayo, na Bwana Sleyum hamu ilimzidi.

Mkewe je? Bibi Ghanima alizaliwa karibu na Tabora, baba yake alikuwa na duka huko mashamba, na chuo cha Kurani kilikuwa mbali. Sura fupi alizihifadhi kwa kusikia. Herufi za Kiarabu hazikumkaa, ila magazeti ya Kiswahili alikuwa akiyasoma mpaka matangazo ya vifo. Mwaka wa tisini na nane mumewe alijaribu kumsomea. Alianza mwanzo kabisa, daftari la kwanza, sura ya kwanza, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa inaeleza shinikizo la mvuke na tabia za chumvi. Alipoinua macho baada ya ukurasa mmoja na nusu, Ghanima alikuwa amelala, mdomo wazi. Sleyum alifunga daftari polepole, na hakumsomea tena. Ghanima naye, kila alipofuta vumbi kabatini, aliyaita madaftari yale “makaa yako.” “Baba Humaid, makaa yako yamejaa kabati zima, nguo zangu niweke wapi?”

Miaka ikaenda namna hiyo. Akastaafu, wakahamia Ibra kwenye nyumba ya ukoo, watoto wakaoa na kuolewa.

Halafu macho yakaanza. Kwanza pembeni pakawa na giza, kama mtu anatazama kupitia bomba. Daktari akasema ni presha ya macho, imechelewa kugunduliwa, matone yatapunguza kasi lakini kilichokwisha kwenda hakirudi. Asubuhi moja mwaka juzi, Bwana Sleyum akafungua daftari la kumi na moja aendelee na sura ya mwisho, na hakuweza kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Aliusogeza dirishani. Akavua miwani, akavaa. Mistari ilikuwa vumbi jeusi juu ya karatasi.

Alilifunga daftari. Kisha akaogopa, na hofu yake hakuificha, alimwambia mkewe wakati wa chakula. “Mama Humaid, kitabu kile hakijasomwa na mtu. Mama alisoma manne na nusu. Mengine hakuna aliyeyaona ila mie, na mie ndiyo basi. Nataka mtu mmoja akisome. Mmoja tu. Nisikie kwamba kinasomeka.”

Siku hiyo Ghanima aliacha utani wake.

Mwana wao Humaid ndiye aliyebeba kazi. Akafikiri kama ambavyo angefikiri mtu yeyote: kitabu cha Kiswahili kinataka mjuzi wa Kiswahili. Ijumaa moja akamtia baba yake garini pamoja na madaftari yote, wakaenda Sur kwa Asaad, mtoto wa binamu wa Sleyum, aliyekulia Mwanza na kusoma huko mpaka chuo. Asaad ana duka la vipuri vya magari, na Kiswahili chake ni cha kutoa hotuba.

“Ami Sleyum, shikamoo! Karibuni, karibuni. Leteni hicho kitabu, nitakitaipu chote, wala msiwe na wasiwasi. Nina laptopu mpya.”

Akafungua daftari la kwanza, akaligeuza juu chini, akaligeuza tena, akafungua la pili.

“Ami,” akasema kwa upole, “hiki si Kiarabu?”

“Kiswahili hicho, mwanangu. Kiswahili kitupu.”

“Basi mimi ni bubu hapa. Herufi hizi nazisoma kwa kubabaisha, nikimaliza mstari mmoja jua limekuchwa. Nisamehe sana.” Na kwa kweli aliona aibu, akawalisha samaki wa kuchoma na wali wa nazi kupita kiasi ili aibu imtoke.

Wiki mbili baadaye Humaid akafikiri kinyume chake: herufi za Kiarabu zinataka mjuzi wa herufi. Wakaenda Nizwa kwa Sheikh Shihab, mzee anayehifadhi miswada ya kale nyumbani kwake na kuwasomea wageni. Sheikh alilipokea daftari kwa mikono miwili, akapangusa jalada, akausifu mwandiko. Akaanza kusoma kwa sauti nzuri, herufi zote mahali pake, mwendo wa mtu anayesoma Kurani alfajiri. Sleyum aliposikia maneno yake yanatoka mdomoni mwa mtu mwengine, akainuka kidogo kwenye mto. Lakini Sheikh alisimama baada ya mistari mitatu, akauliza kwa Kiarabu maana yake ni nini, kwani yeye hakuelewa hata neno moja isipokuwa “bahari.” Na mgonjwa mmoja alikuwa akimsubiri kusomewa dua, basi wakaagana.

Wakarudi Ibra. Walipofika aliketi barazani, akamwita mkewe.

“Yafunge,” akasema. “Yatie kwenye sanduku la mama, uyaweke chini kabisa. Khalas.”

“Nani kasema khalas?”

“Nimesema mie. Wenye lugha hawana herufi, wenye herufi hawana lugha. Nimeandika kitabu cha watu waliokufa. Yafunge, Ghanima.”

Alimwita jina lake, jambo asilolifanya ila kwenye misiba. Ghanima hakubisha.

Alhamisi iliyofuata, alasiri, ndipo alipoyatoa kabatini. Akayapanga juu ya mkeka sebuleni ayapanguse kwanza, kisha akakumbuka unga wake wa mandazi, akaenda jikoni kuukanda. Mumewe alikuwa ukumbini, nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu, amekaa na tasbihi, anajifanya hasikilizi madaftari yake yakitolewa.

Akaingia Ghadeer, binti wa Humaid, msichana wa miaka kumi na tisa, anasoma chuo hapo hapo Ibra na kila Alhamisi huja kula kwa bibi yake. Ghadeer ni mtoto wa Oman. Kiswahili chake ni cha jikoni: njoo, kula, basi, chukua, haraka. Akayaona madaftari, akachukua moja kutoka katikati ya lundo. Lilifunguka lenyewe mahali palipokuwa na utepe.

“Bibi, hii nini? Kiarabu gani hii? Kulluh ghalat!” Yaani yote makosa.

“Si Kiarabu hicho, ni makaa ya babu yako,” Ghanima akajibu kutoka jikoni.

Msichana akacheka, akaanza kusoma kwa sauti, kwa mchezo tu, silabi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza: “Ma-ka-a ya-ka-pu-ngu-a ha-ta mtu a-ki-ta-za-ma gha-la a-li-o-na sa-ka-fu.”

Jikoni Ghanima akaacha kukanda.

“Rudia,” akasema Ghanima.

Ghadeer akarudia, safari hii haraka kidogo. Ghanima akatoka, mikono imejaa unga mpaka viwikoni.

“Endelea. Soma, mama.”

“Bibi, lakini mie sifahamu. Wallah sifahamu shay, hata neno.”

“Wewe soma tu. Kufahamu ni kazi yangu.”

Nyuma ya mlango tasbihi ilisimama. Bwana Sleyum alilijua daftari lile, la saba, na aliijua sentensi inayofuata kabla haijasomwa. Ilikuwa habari ya meli ndogo iliyotoka bandari ya Cork siku nne kabla ya ile kubwa ya Bristol, ina abiria arobaini, na haikujengwa kwa bahari ile hata kidogo, ilijengwa kwa safari fupi za kwenda na kurudi. Akasogeza sikio mlangoni.

Ghadeer akasoma: “‘Nchi ilikuwa haijaonekana, na upepo ulikuwa wa mbele. Hapo wakayafungua mapipa ya ulimbo yaliyokuwamo melini, ulimbo mkavu wa miti, jamaa yake ubani, wakautia tanurini juu ya makaa yaliyosalia, na moto ukapanda tena.’”

“Ubani!” Ghanima akapiga mikono, unga ukaruka. “Walivuka bahari kwa ubani? Yaa Rabbi! Soma, soma!”

“‘Wako wasemao kwamba walichoma na viti na milingoti. Mimi sikupata ushahidi wake, kwa hiyo siandiki. Habari ya ulimbo ndiyo niliyoiona kwa macho yangu katika karatasi za wakati ule.’”

“Huyo ndiye yeye,” akasema Ghanima, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho mumewe hakukisikia siku nyingi. “Hasemi asichokijua. Wamefika? Geuza ukurasa, wamefika?”

Ghadeer akageuza. Alikuwa haelewi maneno lakini alimwona bibi yake, na uso wa bibi yake ulimtosha. Akaacha mchezo, akakaa chini vizuri, akasoma kwa uangalifu. Herufi zenye nukta tatu zilimkwaza, akitamka be mahali pa pe, na Ghanima akimrekebisha hapo hapo bila kuiona karatasi, kwa sababu alilijua neno. Mmoja alikuwa na macho, mwengine alikuwa na lugha, wakaenda pamoja mstari kwa mstari. Bwana Sleyum, aliyeandika kurasa mia mbili juu ya meli za kwanza zilizovuka kwa moto na tanga pamoja, kwa kuwa hakuna kimoja kilichotosha peke yake, aliwasikiliza akaona ajabu ile ile ya mwaka wa sabini na nane imemrudia mwili mzima. Akaiweka tasbihi chini.

Meli ndogo ikafika New York siku ya kumi na nane. Ghanima akashusha pumzi. Kesho yake, bandari ikiwa bado imejaa watu waliokuja kuitazama, wakaona moshi mwengine kwenye upeo wa bahari. Ni ile kubwa ya Bristol, ya maji ya chumvi, iliyobeba abiria saba tu kwa sababu wengine wote waliogopa na kurudisha tikiti moto ulipozuka melini kabla ya safari. Na ghalani mwake mlikuwa na makaa tani kama mia mbili hayajaguswa.

“Mia mbili!” Ghanima akakaa mkekani, unga na yote. “Masikini wale wengine wamechoma mpaka ubani, hawa wanaingia na akiba! Lo! Lo, salaala!” Akacheka, kisha machozi yakamtoka, na hakujua anamlilia nani.

Hapo mlango ukafunguka. Bwana Sleyum alisimama, anashika ukuta. Ghanima akamgeukia kwa hasira za kweli.

“Baba Humaid! Miaka thelathini unanificha mambo haya?”

“Nilikusomea. Ukalala.”

“Ulinisomea chumvi! Nani asiyelala kwa chumvi? Mbona hukuanza na ubani?”

Sleyum akaachia ukuta. Akaja akakaa mkekani baina yao, akapapasa mpaka akaukuta mkono wa mjukuu wake juu ya karatasi, akauacha mkono wake hapo. “Shukran, mama,” akasema. “Nimekisikia.” Akalia mbele yao bila kufunika uso.

Yale mandazi hayakupikwa siku ile. Walikula mkate wa dukani.

Tangu hapo kila Alhamisi ikawa siku ya meli. Ghadeer husoma, Ghanima husikiliza na kugombana na mabaharia, na simu inawekwa katikati inarekodi. Rekodi hutumwa Sur, na Asaad, ambaye aibu yake ilipata dawa, huiandika kwa herufi za Kizungu kwenye laptopu yake mpya. Wakasoma habari ya meli ya mwaka 1840 iliyobeba ng’ombe kwa ajili ya maziwa ya watoto na wagonjwa, na Ghanima akauliza ng’ombe alilala wapi bahari ikichafuka. Wakasoma habari ya Sultana, marikebu ya matanga iliyotoka kwetu, Unguja, ikaingia New York mwaka huo huo wa 1840, wakati meli za moshi nazo zikiingia na kutoka bandari ile ile. Ghanima alitaka sana kuambiwa kwamba mabaharia wa Sultana waliiona hata moja. Ghadeer akasoma: “‘Huenda waliziona. Sikupata aliyeandika.’” Ghanima akamwita mumewe mchoyo, kisha kila mmoja akawatazama moyoni watu wale wa kwao, vilemba kichwani, wamesimama sitahani na kitu kinachofuka moshi kinawapita bila tanga.

Maneno ya Ghadeer yakaanza kuongezeka. Alijua dohani ya kutolea moshi kabla hajajua kijiko. Akitumwa dukani anasema anakwenda kuongeza makaa.

Mwezi uliopita wakafika daftari la kumi na moja, mahali mwandiko unapoanza kupinda, na kisha karatasi nyeupe.

“Imekwisha?” akauliza Ghanima.

“Bado. Ilibaki meli moja,” akasema Sleyum. “Ile sikuweza kuimaliza hata macho yalipokuwa mazima.”

“Basi sema. Huyu ataandika.”

Ghadeer alikwisha kuchukua kalamu. Babu yake akaegemea ukuta, akaanza polepole, na msichana akaandika kwa herufi zile zile, kila irabu na alama yake, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

“Andika: ‘Tarehe kumi na moja Machi, mwaka elfu moja mia nane arubaini na moja, meli iitwayo President iliondoka New York kurudi Liverpool. Ilikuwa katika meli kubwa za wakati wake, na ndani yake walikuwamo watu mia moja thelathini na sita.’ Umeandika? ‘Siku ya pili meli nyengine iliiona kwa mbali, inapambana na mawimbi kama milima.’”

Akasita. Iliyofuata ndiyo sentensi aliyokuwa akiikimbia. Meli zake zote alikuwa amezifikisha bandarini, hata zile zilizochoma ubani.

Kalamu ikasimama. Ghadeer akainua uso, hakumtazama bibi yake amtafsirie.

“Babu,” akasema kwa Kiswahili, “wamefika?”

Ghanima aliacha kumimina kahawa. Bwana Sleyum, aliyekwenda Sur na Nizwa kumtafuta mtu mmoja wa kukisoma kitabu chake, alimgeuzia mjukuu wake macho yasiyomwona vizuri.

“Hawajafika, mama,” akamjibu. “Hakuna aliyewaona tena mpaka leo. Andika hivyo hivyo, hawajafika.”

Ghadeer akaandika, akatia irabu zote, kisha akauliza kama mlikuwamo watoto.